Theluji ya Old Kampala

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu vijana wa Ulaya wakipanda mlima wakati wa kiangazi, wakitafuta mabaki ya theluji ili wateleze. "Jaja, sisi hatujawahi," akasema. Kauli hiyo si sahihi, na mtu aliyetumikia serikali maisha yake yote haiachi ipite.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja mvua ya mawe ilipiga mabati yetu ya Old Kampala hadi tukashindwa kusikilizana. Haboba, bibi yangu, alifunika kioo cha ukutani kwa kanga kisivute radi, akatukataza kutoka mpaka radi inyamaze. Kaka yangu Ramadhani alichungulia dirishani. "Hiyo ni theluji ya Rwenzori, imeletwa na upepo. Jua likitoka, inarudi kwao." Leo najua ilitoka katika wingu lililokuwa juu yetu, lakini siku ile nilimwamini, na kila ngurumo mpya iliniwasha miguu.

Hatimaye tulitoka bila kuaga, tukapanda kilima mbio tukiburuta maganda ya mgomba, katikati ya harufu ya majani yaliyopondeka. Nyuma ya ukuta mmoja, kivulini, barafu ilikuwa imebaki nyembamba kama mkeka, tayari ikichuruzika. Ramadhani aliteleza akipiga kelele. Mimi nilipokaa, ganda halikusogea. Nikageuka, nikamwona Haboba amesimama nyuma yangu na fimbo. Nilifumba macho nikingoja kuchapwa.

"Wewe, umekuja kuatamia mayai hapa?" alifoka. "Inua miguu, barafu inayeyuka!"

Akatupa fimbo, akanisukuma kwa mikono yote miwili.