Niliulizwa Juu ya Kazi, Nikajibu ya Ndoa

Mujukuu yangu, ilibaki kidogo tu akose kazi, na wa kumukosesha ni mimi. Nasema mbele, juu nyumbani wanasema niko na mazoea ya kuzunguka, mutu anachoka mbele nifike pa maneno yenyewe.

Alikuwa anasoma masters hapa Bunia, mambo ya maendeleo. Mimi niliacha shule mwaka ya tatu ya primaire, juu ya mwalimu mumoja aliyenichapa kila siku, kisha akaoa dada yangu, hiyo tuache. Profesa wao aliwaambia waandike wapi watakuwa nyuma ya miaka tano.

"Koko, weye kwa umri yangu ulikuwa na plan gani?"

"Samaki isioze mbele ya kufika soko."

Nilikuwaka nauzisha samaki ya kukauka ya Tchomia, kule pa ziwa, na yeye alinisaidia mu depo yangu miaka yote ya masomo. Njo maana, shirika moja ilipobandika tangazo pa mulango yao, aliniandika mu dosye yake ya kuomba kazi. Walikuwa wanatafuta mutu wa kufundisha wamama wa Tchomia kukausha samaki muzuri. Walitaka majina ya watu watatu wanaomujua: akaweka profesa, pasteri, na mimi patron yake. Alikwisha kupeleka dosye mu kila lango ya Bunia. Ile tu njo ilijibiwa.

Alinieleza kama watanipigia simu. Lakini alinieleza wakati ya mpira mu redio. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Kesho yake, numero nisiyojua. Sauti ya mwanaume, ya heshima.

"Jambo, muzee. Nataka habari ya binti mumoja, unamujua." Akasema jina. "Tabia yake iko namna gani? Anaweza kuishi na watu? Wakimukasirisha, anafanya nini?"

Sasa, kwetu, mutu usiyejua akiuliza vile juu ya binti, ni familia ya kijana imemutuma kuchunguza. Na siku ya kwanza hausifu mutoto yako. Unaweka miiba kidogo, waone haiko bei rahisi.

"Ah, bwana, ule iko mugumu. Hatii mutu bure. Anauliza maswali mingi sana."

"Kuamuka mapema?"

"Umupe sababu kwanza."

Nikasikia anaandika. Nikafikiri, familia ya watu wa shule hii!

"Na akitumwa Tchomia, anaweza kukaa kule na équipe? Ni wanaume wane."

Nikasimama. "Wane? Bwana, siye ni watu wa Mungu! Mulete wazee yenu, mulete mbuzi, kisha tuzungumuze juu ya mumoja!"

"Muzee, mimi naita juu ya kazi."

"Hata kijana wa mbele aliyekuja kumuposa alisema iko na kazi! Kumbe analala kwa mama yake mpaka saa sita."

Akaniaga pole pole. Nikakula muzuri sana siku ile.

Magaribi mujukuu akafika. "Koko, walipiga?"

"Walipiga. Nimewafukuza."

Nikamueleza yote. Akakaa juu ya mufuko ya samaki.

"Ulisema siamukake?"

"Nilisema unaomba sababu."

"Koko. Nimetafuta hii kazi mwaka muzima."

Hakulia, afazali angelia. Alikamata simu yangu, akapiga ile numero, akanitia simu mu mukono. "Sema."

"Bwana, ni mimi wa mbuzi."

Kule watu wengi wakacheka. Kumbe niko mu haut-parleur, biro yote inanisikia.

"Nilikupa majibu ya ndoa," nikasema. "Ya kazi iko hivi. Siku moja nilitia samaki ya zamani chini ya mufuko, mupya juu. Huyu mutoto alimwanga mufuko yote chini, mbele ya wateja. Haya niliyopata siku ile! Lakini juma iliyofuata wateja walirudi, na wengine juu yao. Na ile ya kusema hatii mutu bure, hiyo usifute. Ni kweli."

Nikasikia bwana anaandika tena. "Na Tchomia, muzee? Utakubali?"

Mujukuu alikuwa ananiangalia. Nilitaka kusema apana, nasema ukweli wangu. Nani angefungua depo?

"Si mimi wa kukubali," nikasema. "Iko hapa, umuulize yeye."

Akaenda na simu inje. Aliporudi, alianza kutafuta buti za mvua chini ya kitanda. Kule Tchomia kuna matope.

Depo imebaki na mimi. Wateja wanafika, wanaangalia mufuko, wanaangalia mimi.

"Muzee, umwange tuone."

Namwanga.