Safu ya Tatu Ukutani

Katika ofisi ya vyumba viwili wanamotengenezea michezo ya simu, hapo mjini Baraka, Solange ndiye anayejua kila kazi imefika wapi. Ukutani kachora safu tatu kwa chaki. Ya kwanza ni mchezo wa kunawa mikono, wa shirika moja la Bukavu. Ya pili ni mbio za pikipiki kwenye barabara ya Lulimba, za tajiri mmoja wa Uvira. Ya tatu ni kisolo, ule mchezo wa mashimo na kokoto, na huo ni wao wenyewe. Wenye safu mbili za kwanza hupiga simu na kufoka, kwa hiyo Solange aliandika juu kabisa: KAZI YA WATU KWANZA, YA KWETU BAADAYE.

Lakini kisolo ndicho kilichokuwa kikimweka kazini. Alitaka kila kokoto ikidondoka shimoni, isikike sauti ya mama yake ikihesabu kwa Kibembe. Alimrekodi kwa simu kijijini Lubondja, mwezi mmoja kabla hajafariki. Simu ile ilizama ziwani kule Lweba, ikabaki nakala moja tu kwenye diski ya ofisi, ikisubiri zamu yake. Kila siku Solange alisema atatoa nyingine kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Intaneti ya Baraka haiwezi mizigo mizito, basi kila Ijumaa diski hupanda pikipiki hadi Uvira na masasisho ya wiki. Ijumaa ile Wilfried, mkubwa wao, mtu asiyejua kumkatalia mteja, alikuwa ameahidi wawili kwa mpigo.

"Yaya Solange, nafasi haiko tena mu diski," akasema Eddy, fundi wa programu, anayemheshimu kama dada mkubwa.

"Futa bintu yote ya kwetu."

"Yote?"

"Yote! Mara ngapi nitakuambia?"

Aliikumbuka ile nakala pikipiki ilipokwisha kuondoka. Diski iliporudi, palipokuwa na sauti ya mama palikuwa na sabuni na pikipiki. Alikaa sakafuni akalia kwa hasira, maana hakuwa na wa kumlaumu. Wanasema mshika mawili moja humponyoka. Wilfried alishika matatu, na kilichoponyoka hakikuwa chake.

Jumatatu Wilfried aliingia akicheka.

"Solange, kisolo sasa iko na mteja! Anaitaka Ijumaa. Weka sauti yako tu."

Solange akashika simu, akaanza kuhesabu kwa Kibembe. Baada ya saba akakwama. Alikulia mjini, kwa Kiswahili. Nusu ya Baraka inaijua nane ya Kibembe; yeye alizoea kumuuliza mtu mmoja tu.

"Mi sijue ya mbele, Shefu."

"Basi iishie saba. Wakati haiko."

Solange akachukua chaki. Kwenye safu ya tatu akaandika: Kuhesabu, mpaka saba. Imekwisha.