Ziwa la Maharage

Watu wa Masisi walinijua kwa maziwa. Miaka yote niliuza sokoni maziwa ya ng'ombe zetu. Basi kansa ilipowalazimu madaktari wa mjini kuniondoa titi la kushoto, wachokozi hawakukawia: "Mama wa maziwa amebaki na ziwa moja!" Nilicheka. Utani ulikuwa mzuri, shetani awachukue, na nikaanza kuusema mwenyewe kabla hawajafungua mdomo.

Nyumbani sikucheka. Tangu nirudi nilijifungia mlango kuoga, na nililala na blauzi. Bwana yangu ni muchungaji wa ng'ombe, maneno kwake ni shida, na hakuuliza kitu. Niliogopa siku atakayoona. Niliogopa zaidi kwamba labda hataki kuona.

Daktari aliniambia ziwa jipya linaweza kutengenezwa kwa nyama ya tumbo. Tumbo ninalo, Mungu ashukuriwe, lakini nani arudi kwenye kisu? Nikajitengenezea langu. Nilianza na pamba, ikawa nyepesi mno. Nikiinama kukamua, inapanda mpaka shingoni. Ndipo nikashona kifuko cha kitenge, nikakijaza maharage makavu. Lo! Uzito sawasawa, na lilitulia ndani ya sutiye, sidiria yangu, kama limezaliwa pale.

Jumapili nikavaa blauzi ya kwaya, ile inayobana, nikashuka mlima nikijishaua. Mvua ikanikuta njiani, ikanilowesha chapachapa. Ibada ikaendelea, na maharage nayo yakaendelea. Tulipofika kwenye sadaka, kifungo cha blauzi kiliruka.

Mama aliyeimba kando yangu akaninong'oneza, "Dada, hiyo ya kushoto unaikulisha nini?"

"Maharage," nikamwambia. Ulikuwa ukweli mtupu, naye hakuniamini. Kicheko kikatushika wote wawili, wimbo ukaharibika, na mwalimu wa kwaya akatukazia macho mpaka mwisho.

Kufika nyumbani nikachomoa kifuko, nikakibwaga mezani. Bwana yangu akakifungua. Akayageuzageuza maharage yaliyovimba, mengine yamepasuka maganda.

"Mama," akasema, "hii tunapika ao tunapanda?"

Nilicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi ya kweli, na hasira ikanipanda juu yake. "Kumbe mdomo unao! Siku zote hizo umenyamaza kama jiwe. Haya, angalia basi!" Nikavua blauzi.

Akaangalia. Hakugeuza uso. Kidole chake kikafuata kovu polepole, toka kifuani mpaka chini ya kwapa.

"Njo hii kovu yenyewe?"

"Njo hii."

"Mimi nilifikiri nikiangalia, itakuuma." Akainama karibu zaidi, akakagua mishono. "Walikushona vizuri kuliko ile koti yangu."

Ile koti niliishona mimi, mshenzi yule. Maharage tuliyapika jioni hiyohiyo, na nilipokwenda kuoga niliacha mlango wazi.