Saa ya Babu Iliyong'arishwa

Petroli na dawa ya meno. Najua ni mchanganyiko wa ajabu, lakini kwangu hiyo ndiyo harufu ya baba. Juzi, watu wa matanga walipokwisha kuondoka, nilivuta sanduku lake la mbao kutoka chini ya kitanda, pale nyumbani Mbinga, nikafungua kifuniko. Harufu ikanijia usoni yote kwa pamoja. Nikakaa sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda, na nilikaa hapo muda mrefu kabla ya kugusa kitu chochote.

Ndani mlikuwa na saa zake. Baba alikuwa mkulima wa kahawa kama majirani zake wote, lakini moyo wake ulikuwa kwenye saa, tena si kila saa. Alizitaka zile za mkononi za miaka ya sabini, nzito, zenye visaa vidogo ndani ya uso na vibonye viwili ubavuni. Ukibonyeza cha juu, mshale mrefu mwembamba unaanza kukimbia. Ukikibonyeza tena, unasimama. Ukibonyeza cha chini, unaruka kurudi kwenye kumi na mbili. Yeye aliziita kronografu. Sisi watoto tuliziita saa za vibonye.

Wazee wanasema miaka hiyo kahawa ililipa, na wanaume wa Umatengo wakarudi nyumbani na saa hizo mikononi. Baadaye zikafa moja moja, zikalazwa masandukuni pamoja na vitenge vya zamani na vyeti vya ubatizo. Baba alizifuata huko huko. Akisikia kuna mzee ana saa mbovu kijiji fulani, Jumapili baada ya misa hatumwoni. Nakumbuka siku aliyobadilisha jogoo wetu kwa saa isiyo na mishale wala kioo. Mama aliigeuzageuza kiganjani.

"Baba Deo," akasema, "yule jogoo alikuwa anatuamsha. Hii itamwamsha nani?"

"Hii ni ya vipuri."

"Na jogoo unafikiri hakuwa na vipuri? Tungemla mapaja."

Petroli ilikuwa ya kuoshea mashine. Dawa ya meno ilikuwa ya kung'arishia vioo, maana vioo vya saa zile vilikuwa vya plastiki na vilichubuka upesi. Baba alipaka dawa kwenye kitambaa, akasugua kwa mviringo huku akipiga mluzi nyimbo za kanisani. Ndiyo maana nyumbani kwetu saa zilipigwa mswaki kwa dawa ya dukani, na mimi na kaka yangu Deo tukapiga kwa chumvi na mkaa.

Sasa niwaambie juu ya saa ya Babu.

Babu, baba yake mama, aliishi Lituhi, ziwani. Aliinunua saa yake ujanani kwa pesa ya dagaa aliowapandisha milimani kuwauzia watu wa kahawa. Mimi nilipomfahamu, mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Lakini saa alivaa. Aliiweka sikioni, akaisikiliza, kisha akaipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kuzunguka ukingo wote, hata akiwa katikati ya mazungumzo. Siku iliposimama alimpa mama ailete Mbinga, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mwambie mkwe aitie uhai tu."

Baba aliifungua akakuta kutu. Alihangaika nayo kwa wiki kadhaa, na asubuhi moja ikaanza kutembea. Niliiweka sikioni nikaisikia mwenyewe.

"Si imepona?" mama akasema. "Tuipeleke."

"Bado. Mshale haurudi."

Ni kweli, haukurudi. Ukibonyeza cha chini, ule mshale mrefu uliruka ukakwama pembeni kidogo ya kumi na mbili, kama mtu aliyekosea mlango. Baba hakulala vizuri kwa ajili ya huo upungufu mdogo. Alifungua, akafunga, akafungua tena. Kahawa ikachumwa, ikaanikwa, mwaka ukazunguka ikachumwa tena. Kila aliyepanda kutoka ziwani alituletea dagaa wakavu na swali lile lile: Babu anauliza saa yake. Kisha salamu zikaanza kuja na habari za miguu kuvimba, na Babu kukosa hamu ya kula.

"Mzee haoni," mama alisema siku moja. "Huo mshale urudi usirudi, atajuaje?"

"Mimi nitajua," baba akasema.

Nilikuwa darasa la nne. Nilimpenda Babu, na nilichotaka ni kimoja tu, saa ifike Lituhi yeye akiwa hai. Nilikuwa nikimkuta baba ameinamia meza, lenzi jichoni na kibano mkononi, natamani kuinyakua nikimbie nayo.

Hatimaye kipuri kikapatikana, na kilitoka kwenye ile saa ya jogoo. Baba alituita sote mezani. Akabonyeza, mshale ukakimbia. Akabonyeza, ukasimama. Akabonyeza cha chini, ukaruka na kutulia juu ya kumi na mbili kabisa. Mama alipiga kigelegele. Kisha akanyoosha mkono aichukue, na baba akaivuta nyuma.

"Ngoja niisafishe kidogo."

Hicho kidogo kikala siku nyingine nyingi. Alilisugua ganda lake kwa msasa laini mpaka mabonde yote yakasawazika. Nyuma palikuwa na alama ya msalaba iliyochorwa kwa msumari, akaifuta. Kioo kilichopasuka akakitoa, akaweka kizima. Mkanda wa ngozi uliokuwa mweusi kwa jasho akautupa, akafunga wa chuma. Alipomaliza ulikuwa unajiona meno ndani yake. Siwadanganyi, sijawahi kuona kitu kizuri vile nyumbani kwetu.

Tuliteremka Lituhi juu ya lori la mahindi, kwa barabara ile ambayo siku hizi malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanaitimua vumbi. Tulimkuta Babu nje kwenye kiti, amefunikwa blanketi, uso ameuelekeza ziwani. Tukasema shikamoo zetu. Baba akachuchumaa, akampa saa kwa mikono miwili.

Babu aliiweka sikioni kwanza. Akatabasamu. Kisha kidole gumba kikaanza safari yake kuzunguka ukingo. Kikafika mwisho, kikarudi, kikazunguka tena. Akaigeuza akapapasa mgongo wake. Tabasamu likaondoka.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Hii ya nani?"

"Ni yako, baba."

"Yangu ina bonde hapa, nilipoigonga kwenye ukingo wa mtumbwi. Na nyuma nimechora msalaba. Hii ni laini kama yai."

"Niliyaondoa, baba. Niliing'arisha."

Bibi alikuwa ameinama kuitazama. "Pokea, mzee," akasema. "Inang'aa kama ya waziri."

"Basi mpelekeeni waziri."

Mjomba alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Baba akatoa mfukoni kikopo alichowekea vitu vya zamani, akatafuta kile kioo kilichopasuka, akamwekea Babu kiganjani. Babu akakipapasa, akapata ufa wake, na uso ukachangamka.

"Ee! Hiki ndicho kioo changu," akasema. "Sasa saa yake iko wapi?"

Kwetu mtu habishani na baba mkwe.  Baba alibaki amechuchumaa mbele ya mzee asiyeona, aliyeshika saa yake mwenyewe, na kila kitu ambacho kingemtetea alikuwa amekisugua kwa msasa akakipuliza kama vumbi. Babu hakugombana. Alikirudisha kioo kiganjani mwa baba, akaiweka saa juu yake, akausukuma mkono huo polepole.

"Ukiipata yangu utaniletea," akasema.

Tulirudi nayo Mbinga.  Babu alifariki kabla ya msimu mwingine, na mpaka mwisho aliwaambia watu kwamba mkwe wake ni mtu mzuri, ila kwenye saa alimbadilishia. Msibani niliwaona ndugu zake mama wakiutazama mkono wa baba wakati wa kula. Hakuwa ameivaa. Hakuwahi kuivaa, na hakuna saa nyingine aliyoing'arisha ganda baada ya hiyo. Aliponya mashine tu, akazirudisha na makovu yake.

Miaka mingi nilimkasirikia Babu. Nilisema mzee yule hakuwa na shukrani. Nilimsema hata mbele ya mama.

Jana Deo alinikuta naosha vyombo vya msiba. Alikuwa amebeba jembe la baba, lile la kuchimbia ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Mpini wake wa zamani ulikuwa umeliwa na mikono ya baba hata ukaingia ndani sehemu mbili, pa kushoto na pa kulia, na kati ya hizo palikuwa panene. Deo alikuwa ametia mpini mpya, mti mzuri, ameupiga randa ukawa laini.

"Nimekutengenezea, dada," akasema. "Ule ulikuwa umekwisha, ungekutoa malengelenge."

"Wa zamani uko wapi?"

"Si ndio uliochemsha maji yetu ya kuoga asubuhi? Ulikuwa mkavu, umewaka vizuri sana."

Alisimama hapo ananitazama, anasubiri nilisifie. Nililishika, mikono yangu ikateleza juu yake ikitafuta yale mabonde mawili ya mikono ya baba. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa Babu, na kwa wakati huo huo niliuona uso wa baba alipochuchumaa pale Lituhi, ukisubiri. Nikamwambia Deo jembe ni zuri, na sikusema uongo, ni zuri kweli. Akaondoka amefurahi.

Leo nimeazima jembe la jirani.