Siku Niliyowafundisha Walimu Kuficha Siri

Hili nalisema leo kwa sababu aibu yake imeshapoa kidogo, ingawa bado wapo walimu pale shuleni kwetu Kibiti ambao wakiniona na kompyuta wanahamia viti vya nyuma.

Mimi nafundisha fizikia, na wakati ule nilikuwa nasoma shahada ya pili kwa mtandao, somo langu kompyuta za kwanta, mashine zenye uwezo wa ajabu ila ni chache na ziko mbali, kwa hiyo ukitaka zikukokotolee jambo inabidi umtumie mwenye mashine hesabu zako, sasa utamtumiaje bila yeye kuona siri zako? Njia ipo: unazifunika kwanza, mashine inakokotoa vilivyofunikwa, jibu likirudi unalifunua mwenyewe.

Jumamosi moja mkuu wetu wa shule, Bi Mwanaidi, akaniomba niwaeleze wenzangu. Nikasema tufanye kwa vitendo, Bi Mkuu awe mashine. Kila mwalimu aje aninong'oneze, moja kama anataka uhamisho, sifuri kama hataki, mimi niongeze namba ya siri, Bi Mkuu ajumlishe, mwisho nizitoe zile namba zangu, tujue ni wangapi bila Bi Mkuu kujua ni nani. (Ningeweza kuuliza nani anapenda pweza, lakini mimi nilitaka mfano wenye uzito!) Na ili nisichanganyikiwe, nikaamua kuandika na majina.

Wakaja mmoja mmoja, nikayaandika kwanza kwenye karatasi. Waliporudi vitini nikaupa ukuta mgongo, nikainamia kompyuta nikijaza jedwali kwa madaha, chumba kizima kimya, nikadhani somo limewaingia.

"Mwalimu Saidi," Bi Mkuu akaniita taratibu, "mashine imeshaona yote."

Nikageuka. Projekta ilikuwa inawaka tangu mwanzo, jedwali lote liko ukutani, na namba moja ya kwanza kabisa, ile ya kutaka uhamisho, ilikuwa ya kwangu mwenyewe.

Ya kwangu niliimeza. Iliyoniuma ni ya Mwalimu Neema, aliyetaka kurudi Iringa kumuuguza mama yake na hakuwa amemwambia mtu. Alichukua mkoba wake akatoka. Jioni nikaenda kwake kumwomba radhi, nikajieleza weee, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka Saidi," akasema, "mimi mashine sikuiogopa. Siri yangu nilikupa wewe."

Bi Mkuu alimpitishia barua yake ya uhamisho wiki ileile. Yangu hajaigusa mpaka leo, na sijathubutu kuuliza. Ila nimeapa, siri ya mtu siigeuzi tena mfano wa darasani. Namba za kubuni zimejaa tele, na hazina mama mgonjwa.