Mgomba wa Eufrazia

Eufrazia wa kijiji cha Bisibo hasemi na mkwewe ana kwa ana, kwa heshima. Leo heshima hiyo imemchosha. Ugonjwa wa mnyauko ulimwachia shina moja la migomba: mgomba mama na machipukizi yake, binti na mjukuu. Mkwe huyo, Luhende, mkulima wa pamba kutoka Shinyanga, amewang'oa binti na mjukuu ili mkungu wa mama unenepe.

“Diana, mwambie mumeo mgomba huzaa mara moja, ukafa. Mwakani tutakula nini?”

“Mama, anakusikia.”

“Mwambie.”

“Mwambie mama tutapanda mwingine,” alisema Luhende.

“Kutoka wapi, kwenye pamba?”

Diana akacheka. Mama yake hakucheka. Kwake chakula si mkungu ulioiva, ni ule unaoufuata.

“Mwambie akaombe chipukizi kwa jirani. Akiulizwa sababu, asinitaje, nisichekwe kwa kuwa na mkwe asiyejua migomba.”