Bi Nyekundu na Matundu ya Bati

Wanafunzi walimwita Bi Nyekundu, naye alijua, na kwa siri jina hilo alilipenda. Lilitokana na kalamu yake. Miaka ishirini na mmoja alikuwa akifundisha sayansi darasa la saba, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kubadilisha alama aliyokwisha kuiweka. Akisema umekosa, umekosa. Ukienda kulia ofisini, utarudi na kosa lako na machozi yako vilevile. Mkasi wake, ile alama ya kosa, aliukandamiza mpaka ukaonekana ukurasa wa nyuma.

Muhula huo mtihani ulihusu jua, nyota na mwanga. Swali la tisa liliuliza hivi: mwanga wa jua ukipita kwenye tundu dogo huacha doa la mviringo sakafuni, kwa nini? Jibu alikuwa akiliandika ubaoni mwaka nenda mwaka rudi: kwa sababu tundu ni la mviringo. Watoto arobaini na wawili walimrudishia jibu lake kama walivyolipokea. Mmoja aliandika, "Kwa sababu jua ni la mviringo." Bi Nyekundu akatikisa kichwa, akampiga mkasi, akaendelea na karatasi nyingine.

Mmoja huyo alikuwa binti wa fundi cherehani, msichana mkimya aliyekaa karibu na dirisha. Siku ya kurudishiwa karatasi alikuja mpaka mezani, na darasa zima likainua vichwa, maana kwenda mezani kwa Bi Nyekundu na karatasi mkononi ni kujitafutia balaa.

"Mwalimu, swali la tisa."

"Limefanya nini?"

"Nyumbani bati letu lina matundu ya misumari. Mengine yamechanika, hata umbo hayana. Lakini madoa yote chini ni ya mviringo."

"Hukuangalia vizuri."

"Nimeyapima, Mwalimu." Akafungua daftari. Matundu kumi na moja, madoa kumi na moja, na mbele ya kila doa upana wake. Vipimo vyote vilikaribiana.

"Nenda kakae," alisema Bi Nyekundu.

Lakini vile vipimo vilimganda. Mtoto anayetaka kubembeleza alama hulia au husingizia ugonjwa. Hapigi magoti sakafuni na rula kupima madoa ya mwanga. Na kama tundu ndilo linaloamua umbo, mbona matundu mbalimbali yatoe madoa yanayofanana kama sahani za seti moja?

Jioni, mezani, mumewe alimwona ameikazia macho sahani yake ya chakula. Alikuwa fundi bomba, mtu wa utani mwingi.

"Mke wangu, hiyo sahani imekutukana?"

Akamweleza. Mume akacheka mpaka akapaliwa na maji.

"Sasa si umfutie huyo mtoto mkasi wake, yaishe?"

"Yaishe vipi? Wale watoto wananiamini kwa sababu sikosei. Siku wakijua nakosea, nimekwisha. Nitasimama pale mbele nikisema maji ni maji, na hakuna atakayeandika."

Mume hakucheka tena. Alijua mkewe hana mali nyingine aliyoikusanya zaidi ya imani hiyo.

Jumamosi, saa sita mchana, Bi Nyekundu alichukua gauni lisilo na kasoro yoyote akaenda nalo nyumbani kwa fundi cherehani.

"Karibu, Mwalimu!" Mama wa yule msichana aliinuka haraka, uzi ukiwa bado mdomoni. "Huyu wangu amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, mama. Nimeleta gauni. Linanibana."

Fundi akampima kifua, akampima kiuno, akamtazama kwa mshangao. "Mwalimu, mbona linakupwaya?"

Bi Nyekundu hakusikia. Macho yalikuwa sakafuni. Madoa ya mwanga yalilala juu ya vipande vya vitambaa, chini ya meza, kwenye kanyagio la cherehani, yote ya mviringo. Akainua uso. Tundu moja la bati lilikuwa limechanika kwa pembe tatu kali. Akalifuata kwa macho mpaka chini: duara.

Msichana alikuwa kwenye mkeka anashona vifungo. Hakusema "nilikwambia." Aliinuka tu akaleta kipande cha boksi alichokitoboa kwa wembe matundu matatu, kila moja dogo kuliko punje ya mahindi: pembetatu, mraba na nyota. Wakatoka uani, akatandika kitambaa cheupe chini. Aliposhikilia boksi karibu na kitambaa, mwanga ulichora pembetatu, mraba na nyota. Halafu akapanda juu ya stuli, akaliinua taratibu. Pembe zikaanza kufifia. Ncha za nyota zikayeyuka moja moja. Alipofikisha mikono juu kabisa, kitambaani palibaki maduara matatu.

"Hizo si picha za matundu, Mwalimu. Ni picha za jua."

Bi Nyekundu alichuchumaa kwenye vumbi na gauni lake la heshima. Akakumbuka siku jua lilipopatwa, miaka mingi nyuma, jinsi madoa ya mwanga kwenye veranda ya shule yalivyogeuka vipande vyembamba, kama kucha zilizokatwa. Aliyaona. Aliyakanyaga, akiwahimiza watoto waingie darasani wasije wakaumia macho. Hata siku moja hakujiuliza. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinachomtekenya, na kilikuwa furaha kabisa.

"Shuka, nipande mimi," alisema. "Nina mikono mirefu."

Fundi alipotoka kuuliza gauni alipunguze au aliache, alimkuta mwalimu wa watu juu ya stuli, boksi hewani, akipiga kelele, "Sasa je? Bado duara?"

Jumatatu aliingia darasani, akaandika swali la tisa ubaoni, na chini yake jibu lake la miaka ishirini na mmoja. Kisha akalipiga mkasi, mkubwa.

"Nilikosea," alisema. "Aliyepata ni mmoja, nami nikamnyima. Alama yake nimemrudishia. Ninyi wengine zenu hazipungui, mliandika nilichowafundisha. Kosa ni langu."

Kisha mkono ukainuka kutoka benchi la nyuma.

"Mwalimu, na yale mengine?"

"Yapi?"

"Ulisema jua ni nyota. Umejuaje?"

"Nilifundishwa."

"Na aliyekufundisha alijuaje?"

Darasa likaguna. Bi Nyekundu aliiweka chaki mezani. Kuhojiwa hivi ndilo jambo alilokuwa akiliogopa maisha yake yote ya kazi, na sasa lilikuwa limesimama mbele yake likisubiri jibu. Akaingojea hasira. Hasira haikuja.

"Sijui," alisema, kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile. Akavuta kiti, akakaa. "Kweli sijui. Wewe ungeanzia wapi?"

Mtoto akakuna kichwa. Akasema angeanza kwa kutafuta nyota ziko mbali kiasi gani, kwa sababu taa kubwa ikiwa mbali nayo huonekana ndogo. Jirani yake akabisha. Mtu wa tatu akambishia huyo. Bi Nyekundu akainuka, akafuta ubao wote, akaandika maneno ya yule mtoto kama alivyoyasema, na madaftari yakaanza kufunguliwa.